Mjane Ambaye Mume Wake Yuko Kabalo

Mwaka ule ziwa lilipanda mpaka likaingia kwenye avenyu za chini za Kalemie, na watu wa kule wakazoea kuvua viatu kabla ya kutoka nyumbani. Angélique aliishi huko kwa shangazi yake, Mama Henriette. Kazi yao ilikuwa moja: asubuhi walinunua ndagala mbichi, wale samaki wadogo wa ziwa, kwenye mitumbwi, wakazianika kwenye kipande cha uwanja ambacho maji hayakukifikia, kisha wakawauzia wanawake waliokuja na mabeseni kutoka Katanika.

Siku moja Angélique hakufika uwanjani. Binti yake Princesse, wa miaka mitano, alikuwa amekaa kwenye benchi anakula muhogo. Ghafla macho yakamgeuka, mwili ukakakamaa, kipande cha muhogo kikamponyoka. Alianguka. Kifafa kilipomwachia alikuwa mlegevu, hajui yuko wapi, mate yamemlowesha shingo. Angélique alimtupa begani, akapandisha kitenge juu ya magoti, akaingia kwenye maji kumpeleka kituo cha afya. Maji yalimfika mapajani. Alikuwa anasali kimyakimya huku midomo ikisogea, na mtu aliye mbali angeweza kudhani anatabasamu.

Mtu aliye mbali alikuwa Huguette. Alikuwa na duka la vitenge upande wa juu wa avenyu, na zaidi ya duka alikuwa na ukurasa kwenye Facebook aliouita Mama Nguzo ya Nyumba. Kila siku aliweka humo picha ya mama mmoja: mama mwenye beseni kichwani na mtoto mgongoni, mama anayelima na tumbo la miezi minane, mama anayemnyonyesha mtoto huku anauza nyanya. Chini yake aliandika maneno machache ya kugusa moyo. Mama wa Huguette alifariki yeye akiwa masomoni Lubumbashi, na hakuwahi kufika kwenye kilio. Watu waliomfahamu walisema ukurasa ule ulianzia hapo.

Alimpiga Angélique picha moja tu. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma yake, maji yanang'aa, mtoto amelala begani kama malaika. Huguette alimuuliza mwuza mikate aliyekuwa karibu, "Mume wa yule mama yuko wapi?"

"Yule? Hana mume hapa," alijibu mwuza mikate, akaendelea na mikate yake.

Jioni picha ilikuwa kwenye ukurasa, na maneno yake yalikuwa haya: "Mume wake alikufa. Hana kitu duniani. Lakini maji hayatamugusa mutoto wake. Huyu njo mama, ndiye mama wa kweli."

*

Mume wa Angélique hakuwa amekufa. Aliitwa Apollinaire, na wakati ule ule alikuwa Kabalo, kwenye gati la mto, anapakua mifuko ya mahindi.

Angélique aliolewa Kabalo akiwa na miaka kumi na tisa. Ndoa haikuwa mbaya mwanzoni. Princesse alipofika miaka mitatu ndipo alipoanza kuanguka, na kila alipoanguka, mama mkwe, Mama Mbuyu, alirudi nyuma hatua kadhaa na kujifunika mdomo kwa kitenge. Mwaka huo wajukuu wawili wa Mama Mbuyu walikufa kwa surua. Akaenda kwenye chumba cha maombi cha mtaani kwao kuuliza nani anamaliza watoto wa ukoo wake. Huko walimjibu: yule anayeanguka.

Princesse alipelekwa kwenye chumba kile kuombewa. Alifungwa miguu, akanyimwa chakula ili kitu kilichomo ndani yake kichoke. Angélique alikatazwa kuingia. Alikaa nje, ukutani, akimsikia mtoto analia, kisha akimsikia ameacha kulia. Hilo la pili ndilo lililomwinua. Aliingia, akamwambia mlinzi kwa sauti ya unyenyekevu kwamba mtoto amejichafua, ampeleke mtoni kumwosha kabla ya sala ya mchana. Mlinzi alishika pua, akamruhusu. Angélique hakushika njia ya mto. Alikwenda moja kwa moja kwenye stesheni, akapanda treni ya mizigo iliyokuwa inaondoka kuja Kalemie, akakaa juu ya magunia, mtoto kifuani, bila hata sufuria moja ya nyumba yake.

Mama Mbuyu alipopiga simu kuuliza, Mama Henriette alisema uongo bila kupepesa jicho: "Hakufika kwangu. Nasikia alivuka ziwa, yuko Kigoma."

Kabalo waliamini. Na Kalemie, kwenye kituo cha afya, muganga alimpa Princesse vidonge na kumweleza Angélique kwamba huo ni ugonjwa wa kichwa, una jina, una dawa, na dawa hiyo haikatizwi. Kuanzia hapo mtoto alianguka mara chache sana. Angélique alianza kunenepa kidogo. Alianza hata kuimba wakati wa kuanika samaki.

*

Habari ya picha aliletewa na wateja. Mwanamke mmoja kutoka Katanika aliweka beseni chini, akamkumbatia. "Mama shujaa! Niliona foto yako. Nililia!"

Angélique alicheka, akidhani ni utani. Mwanamke akamwonyesha telefone. Akajiona mwenyewe ndani ya maji, mzuri kuliko alivyowahi kujiona kwenye kioo. Kisha akasoma maneno. Aliyasoma mara ya pili kwa kidole chini ya kila neno.

Chini ya picha watu walikuwa wamejaa. Wa Lubumbashi, wa Kigoma, wa Ubelgiji. "Mungu akubariki mama." "Wanawake wa siku hizi wajifunze." "Roho ya mume wako ipumzike kwa amani." Hilo la mwisho lilirudiwa na watu wengi, mmoja baada ya mwingine, kama kwenye matanga.

"Ni vibaya?" aliuliza yule mwanamke wa Katanika, alipoona uso wake.

"Kabalo kuna telefone," alisema Angélique. Aliacha samaki juani akapanda kwenda dukani kwa Huguette.

Huguette alimpokea kwa mikono miwili. "Mama Princesse! Nilikuwa nakutafuta. Watu wanakupenda. Kuna wanaouliza namna ya kukusaidia."

"Dada Huguette, nani alikuambia mume wangu alikufa?"

Mkono wa Huguette uliokuwa unakunja kitenge ulisimama. "Hakufa?"

"Yuko Kabalo. Ana mama, ana ndugu, ana majirani. Na mimi niliondoka Kabalo kwa kujificha. Sasa umeonyesha avenyu yetu, umeonyesha uso wa mutoto, na umemuzika baba yake."

"Nilisema vizuri juu yako," alijibu Huguette kwa sauti ndogo. "Sikusema kitu kibaya hata kimoja."

"Ungeniuliza."

Huguette aliifuta picha pale pale, mbele yake. Halafu akafungua kurasa nyingine, na uso ukambadilika. Picha ilikuwa imeshachukuliwa. Mtu asiyejulikana alikuwa ameiunganisha na picha ya msichana mwenye kucha ndefu nyekundu anayekunywa bia, na juu yake ameandika: "Chagua mama wa watoto wako." Hiyo ilikuwa imesambaa kuliko ya kwanza. Msichana wa kucha nyekundu alikuwa anatukanwa na watu wasiomjua, na Angélique alikuwa anasifiwa na watu hao hao.

"Na hii utaifuta?" aliuliza Angélique.

"Hii si yangu."

*

Simu ya Mama Mbuyu ilifika kwa Mama Henriette. Aliweka sauti ya nje ili Angélique asikie.

"Mama Henriette, Kigoma iko wapi? Siku hizi Kigoma imehamia Kalemie?"

Mama Henriette aliisogeza simu karibu na Angélique.

"Mwanangu amekula bukari leo mbele yangu," Mama Mbuyu aliendelea, na sauti yake haikupanda hata kidogo, jambo lililotisha kuliko kelele. "Mifupa yake mizima. Na ninyi mumemuweka kwenye telefone kama maiti, dunia nzima inamuombea apumzike. Munataka afe kweli? Munamuita nani kwa kufanya hivyo? Mwambie huyo mwanamuke tunakuja kuchukua mutoto. Kazi iliyoanzwa Kabalo itamalizika Kabalo."

Simu ikakatika. Princesse alikuwa mlangoni anachezea kopo. Angélique alimwita, akamketisha mapajani, akamshika kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Kuanzia hapo siku zote zikawa za kusikiliza. Pikipiki ikipunguza mwendo mbele ya nyumba, Angélique aliacha anachokifanya. Mtu akibisha, Princesse alisukumwa nyuma ya pazia. Kwenda kituo cha afya kukawa kazi ngumu. Mara ya kwanza, watu kwenye foleni walimtambua, wakataka kupiga naye picha, mmoja akamshika Princesse kidevu ili uso uonekane vizuri. Angélique aligeuka akarudi nyumbani bila vidonge. "Nitaenda wakitulia," alijiambia. Vidonge vilivyobaki alianza kuvigawa nusu nusu.

Hawakutulia. Mtu mmoja wa Kabalo aliandika chini ya ile picha iliyounganishwa: "Huyu si mujane. Mume wake ni Apollinaire wa gatini, nimemuona asubuhi." Kwa siku moja yote yakageuka. Waliolia wakasema wamedanganywa. Waliosema wanawake wajifunze kwake wakasema ndivyo wanawake walivyo. Mtu akachora msalaba mwekundu juu ya uso wake na kuandika, "Alimuzika mume hai ili apate pesa." Pesa yenyewe Angélique hakuwahi kuiona, wala hakujua ni ipi. Wapo walioandika kwamba mwanamke anayemtangazia mume wake kifo ni mchawi, na mtoto anayeanguka ni ushahidi. Hata msichana wa kucha nyekundu alisahauliwa.

Ufukoni wanawake wengine waliacha kununua ndagala zake. Hawakumtukana. Walipita tu na mabeseni yao, wakiangalia maji.

"Kuna boti asubuhi, inaenda Mpala," alisema Mama Henriette. "Nyumba ya kaka yangu iko kule, karibu na misioni. Hakuna wa kukutafuta. Chukua mutoto muende."

Angélique alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. "Tantine, Kabalo nilikimbia kwa sababu walikuwa wanamuua. Hapa nikikimbia, watasema nimeiba mutoto, na watakuwa na haki ya kusema. Na dawa za Princesse ziko hapa. Nikifika Mpala, nitakimbilia wapi tena? Ndani ya ziwa?"

"Na wakija?"

"Watanikuta."

Alisema hivyo, lakini mchele ulimwagika.

Huguette naye alikuja. Alikuwa amekonda. Watu walikuwa wanamtukana pia, wakisema alilipwa atunge uongo. Alikaa kwenye benchi akiwa ameshika telefone yake kwa mikono yote miwili.

"Nimepata njia," alisema. "Tutapiga video. Wewe na Princesse. Utaeleza yote, chumba cha maombi, kamba, njaa. Utalia kidogo. Watu wakiona mama analia na mutoto yuko pale, watarudi upande wako. Najua namna wanavyofikiri."

Angélique alitikisa kichwa. "Umenifanya mujane. Wengine wamenifanya mchawi. Sasa unataka kunifanya nani?"

"Nataka wajue ukweli."

"Wajue mutoto wangu alifungwa kama mbuzi? Akiwa mukubwa, akienda masomoni, wenzake wamuonyeshe video hiyo? Hapana, dada. Uso wa Princesse hautaingia tena humo." Kisha sauti ikamlegea. "Ukitaka kunisaidia, vidonge vyake vimebaki viwili. Mimi naogopa kumuacha, naogopa na kumubeba. Uende kituo cha afya, umwambie muganga ninavyoishi. Anaweza akakupa."

Huguette alionekana kama mtu aliyeombwa kitu kidogo mno. Lakini aliweka telefone ndani ya mkoba. "Kesho asubuhi," alisema. "Nitaenda mapema."

*

Kesho yake asubuhi, watu wa Kabalo walifika kabla ya Huguette.

Walikuja na pikipiki mbili mpaka maji yalipoanzia, kisha wakatembea. Mama Mbuyu mbele, mwembamba, kitambaa cheusi kichwani. Nyuma yake mwanamume mwenye kanzu nyeupe wa chumba cha maombi, ameikunja kanzu mkononi isilowe. Wa mwisho Apollinaire, kichwa chini, suruali imelowa hadi magotini. Watu wa avenyu walimtambua bila kuambiwa. "Maiti amefika!" mtu alipiga kelele, na wengine wakacheka, na milango ikafunguka, na telefone zikainuka. Kufumba na kufumbua uwanja ulikuwa umejaa.

Angélique alisimama mlangoni, mikono imeshika miimo ya pande zote mbili. Princesse alikuwa ndani na Mama Henriette.

"Karibu, Mama," alisema. Aliinama kidogo, kama inavyompasa mkwe.

"Sikufuata karibu," alijibu Mama Mbuyu. "Angalia mwanangu. Ni mzimu huyu?"

"Sikuandika neno lile, Mama. Wala telefone ya foto sina."

"Foto ni yako. Uso ni wako. Mutoto ni wetu."

"Ongeeni kwa nguvu, haisikiki!" alilalamika mtu aliyekuwa anapiga video kutoka juu ya tofali.

Angélique alimtazama yule, kisha akazitazama telefone zilizoinuliwa, moja moja. "Nitajibu kila kitu ninachoulizwa," alisema. "Kwa mama mukwe wangu nitajibu, kwa mume wangu nitajibu. Lakini si mbele ya hizo. Muzishushe."

Wawili watatu walishusha. Mwanamume wa kanzu alicheka. "Mnaona? Mulozi anaogopa kuonekana." Na zile zilizoshuka zikapanda tena. Mtu akarusha tope. Lilimpiga Angélique begani, likateremka polepole kwenye blauzi. Hakulifuta. Angetoa mkono mmoja, mlango ungekuwa wazi.

"Papa Princesse," alisema, "wewe huna la kusema?"

Apollinaire aliinua kichwa. "Mupe mama mutoto, tumalize," alisema. "Tunachekwa hata bandarini."

Ilikuwa sauti tu, ya kawaida, iliyochoka. Lakini ndani ya nyumba Princesse aliitambua. Hakuwa ameisikia tangu Kabalo. Alichomoka mikononi mwa Mama Henriette, akapita chini ya mkono wa mama yake, akakimbia kwenye tope na mikono juu. "Papa! Papa!"

Apollinaire aliinama kabla hajafikiri. Alimwinua. Mtoto akamzungushia mikono shingoni, akaficha uso kwenye shati lake.

"Twende," alisema mwanamume wa kanzu haraka. "Twende sasa hivi."

Wakaanza kuondoka. Watu walifungua njia huku wanapiga video. Angélique alikimbia, akateleza, akainuka, akamshika Apollinaire shati kwa nyuma mpaka likachanika. "Humpeleki! Uniue kwanza! Humpeleki kule!" Mama Mbuyu alikuwa anamvuta kwa kitenge. Kelele zilikuwa nyingi mpaka hakuna aliyesikia namna Princesse alivyonyamaza.

Apollinaire ndiye aliyehisi. Mikono iliyokuwa laini shingoni mwake ilikuwa migumu kama fimbo. Kichwa cha mtoto kilirudi nyuma. Mwili ukaanza kumpiga kifuani, pigo baada ya pigo.

Mama Mbuyu aliruka nyuma na kujifunika mdomo. Mwanamume wa kanzu aliinua mkono na kuanza kukemea kwa sauti kubwa, lakini alikuwa anakemea huku anarudi kinyumenyume. Umati wote ulirudi hatua moja. Telefone hazikurudi, zilisogea mbele, kwenye ncha za mikono.

"Muweke chini," alisema Angélique. Sauti yake ilikuwa imebadilika, tulivu kabisa. "Papa Princesse, unanisikia? Hapa, pakavu. Mulaze upande. Usimushike mikono, muache. Usimutie kitu mdomoni."

Apollinaire alipiga magoti, akafanya alivyoambiwa. Angélique alivua kitambaa cha kichwa akakiweka chini ya shavu la mtoto.

Hapo ndipo Huguette alipotokea, maji yanamdondoka, mfuko mdogo wa vidonge mkononi. Aliona mtoto chini. Aliona telefone zilizomzunguka kama midomo. Alijua vizuri kuliko wote pale picha hiyo itakwenda wapi na itaandikwa nini chini yake. Hakupiga kelele. Alifungua kitenge cha juu alichojifunga, akakitandaza kwa mikono miwili kama mtu anayeanika nguo, akasimama nacho kati ya mtoto na watu.

Kitenge kimoja hakikutosha. Mtu mmoja alizunguka upande wa pili kupata picha. Yule mwanamke wa Katanika, aliyekuja na beseni lake kwa ajili ya ndagala, alimzibia njia. Alifungua kitenge chake, akakikunjua. Mama Henriette akafungua chake. Kisha mwanamke ambaye wiki ile yote alikuwa anampita Angélique bila salamu. Kisha wengine wawili. Walisimama mabega kwa mabega, migongo kwa watu, nyuso zimeelekea ndani lakini macho yameinamishwa, mpaka wakafunga duara.

"Tokeni!" Mama Henriette aliwafokea waliokuwa nyuma yake bila kugeuka. "Huyu si sinema!"

Ndani ya duara kulikuwa na kivuli, na sauti za nje zilifika kwa mbali. Apollinaire alikuwa anatazama mwili mdogo unavyotikisika. Kisha ukatikisika kwa polepole. Kisha ukatulia, na Princesse akavuta pumzi ndefu kama mtu aliyelala.

"Njo hii tu?" aliuliza.

"Njo hii tu. Inapita."

"Kule Kabalo ilikuwa inadumu."

"Kule walikuwa wanamukandamiza chini. Na hakuwa na dawa, hakuwa na chakula." Huguette alinyoosha mkono na kumpa mfuko bila kutazama. Angélique aliupokea. "Hapa ana dawa. Alikuwa anaanguka mara chache tu. Ni wiki hizi tu, kwa sababu naogopa kutoka."

Apollinaire alimfuta mtoto mate kwa kiganja. Kisha akasema, "Nilikuwa mulangoni siku ile. Upande wa nyuma. Nilisikia anavyolia."

"Najua," alisema Angélique. "Nilikuona."

Hakusema kwa ukali, wala hakumpunguzia. Apollinaire aliinamisha kichwa mpaka paji la uso likagusa magoti yake, na mabega yake yakaanza kutikisika. Wanawake walioshika vitenge walisikia yote. Hakuna hata mmoja aliyegeuka.

Aliposimama, alikwenda moja kwa moja kwa mwanamume wa kanzu. "Papa, rudi Kabalo," alimwambia. "Mutoto wangu ni mugonjwa. Hana kitu kingine."

"Apollinaire!" alisema Mama Mbuyu.

"Mama, nimesema."

*

Kesho yake walikaa kwa shefu wa kartie, mkuu wa mtaa ule, Papa Télesphore, mtu mzito aliyefunga mlango na kuamuru telefone zote ziachwe nje. Alimsikiliza kila mmoja mpaka mwisho. Apollinaire alisema mtoto abaki na mama yake Kalemie, atibiwe, na yeye atakuja kumwona. Mama Mbuyu alisema kwamba hilo ni la mwanawe, hataligusa, lakini jina la mwanawe limelazwa pamoja na wafu na yeye hapandi treni mpaka litolewe huko. Alitaka kuku mweupe, na yule aliyemzika atamke mbele ya watu kwamba yuko hai.

Wote walimtazama Angélique. Huguette ndiye aliyeinuka. Alitoka, akarudi na kuku chini ya kwapa, akapiga magoti mbele ya bibi yule. "Ni mimi," alisema. "Sikuuliza. Nilitaka habari iwe nzuri zaidi. Mwanao yuko hai, na mimi ndiye niliyesema uongo."

Mama Mbuyu alimpokea kuku, akamkagua chini ya mabawa kama yuko sokoni, akamtia kwenye kikapu. Kwa Angélique hakusema neno, si siku ile wala alipoondoka. Princesse alimpungia mkono. Bibi alisita, akatazama pembeni, akapanda pikipiki.

Video ya siku ile ilisambaa hata hivyo. Lakini aliyeitazama hakuona kitu: vitenge vyenye maua, vyenye ndege, vyenye mistari, na sauti ya mwanamke mzee anayefoka. Watu waliandika chini yake kwamba mama fulani anajifungua barabarani, wakabishana kwa siku chache kama ni Kalemie au Uvira, kisha wakahamia kwingine.

Huguette hakufunga ukurasa wake. Sasa anauliza jina, anauliza ruhusa, na anaandika anayoambiwa. Mama mmoja alimwambia kwamba amechoka, kwamba kuna siku hataki kumwona mtoto yeyote, na Huguette akaandika hivyo hivyo. Alipoteza wafuasi wengi. Mmoja alimwandikia kwamba zamani alikuwa anawapa moyo.

Mwezi wa tisa Princesse alianza masomo. Mwalimu anaijua dawa yake na saa ya kuimeza. Apollinaire alikuja mara moja kiangazi, akalala kwa binamu yake, akampeleka mtoto ufukoni wakarudi wote wawili na mchanga hadi kwenye masikio. Anapiga simu Jumapili.

Jumapili moja alimuuliza Angélique, "Na wewe, unarudi lini?"

Angélique alikuwa uwanjani, simu ya Mama Henriette kati ya sikio na bega, anageuza ndagala kwa mikono miwili.

"Bado sijajua, Papa Princesse," alisema. "Sikudanganyi. Bado sijajua."

Upande wa mto Lukuga mawingu yalikuwa yamekuwa meusi, na wanawake wengine walikuwa wameshaanza kukimbia na mabeseni. Alimwambia watazungumza tena, mvua inakuja, akampa Mama Henriette simu yake, akainama kukusanya samaki.